Namna ya Kuandika Historia ya Kuanzishwa kwa Wilaya ya Vijijini: Mwongozo kwa Wakazi wa Dodoma na Kanda ya Kati

Mtu anayetaka kuandika historia ya wilaya ya vijijini katika Kanda ya Kati hukutana mapema na tarehe mbili zisizopatana. Ya kwanza imo katika karatasi za serikali: Bahi na Chamwino zilipata kuwa wilaya mwaka 2007 baada ya iliyokuwa Dodoma Vijijini kugawanywa, na Chemba ikamegwa kutoka Kondoa mwaka 2012. Ya pili imo vinywani mwa wazee, nao watakuambia kwamba nchi yao ilikuwapo, ina mtemi, ina visima na ina mipaka inayojulikana, kabla babu zao hawajazaliwa. Wote wawili, karatasi na mzee, wanasema kweli. Wilaya haianzishwi mara moja. Huanzishwa mara kadhaa, kila mara na watu wengine na kwa sababu nyingine, na kazi ya mwandishi ni kuzitenga awamu hizo moja baada ya nyingine na kuonyesha kila moja iliacha nini juu ya ardhi.

Mwongozo huu unawalenga walimu, watendaji, viongozi wa dini na vijana wenye simu ya kurekodia na daftari, ambao hawana fedha ya utafiti lakini wanaishi karibu na wale wanaokumbuka. Nimeuandika kwa haraka kidogo ya moyo, kwa sababu waliozaliwa kabla ya Uhuru wa 1961 sasa wamepita miaka sitini, na wale waliouona utawala wa watemi wakiwa watu wazima wamebaki wachache sana.

Anza na eneo dogo

Usianze na wilaya nzima. Chagua kata moja, au hata kijiji kimoja unachoweza kukizunguka kwa miguu, uandike historia yake mpaka uimalize, kisha usogee jirani. Wilaya kama Chamwino ina nchi za watemi kadhaa wa zamani ndani yake, na historia inayoanza kwa kuziunganisha zote hupoteza zile tofauti zenye thamani kuliko mambo mengine yote.

Swali la kwanza utakalouliza linaamua jibu utakalopata. Nilipoanza kazi hii niliuliza kijiji hadi kijiji: "Kijiji hiki kilianzishwa lini?" Wazee wakanijibu bila kusita, mwaka 1971 au 1974, nami nikaandika. Ilinichukua miezi kutambua kwamba walikuwa wakijibu swali sahihi kabisa kuhusu jambo nisilolikusudia. Neno "kijiji" kwao lilimaanisha kijiji cha Operesheni, yaani kile kilichopimwa viwanja na kupangwa nyumba kwa mistari. Operesheni Dodoma ilikuwa ya mwaka 1971, na amri ya nchi nzima ya kuhamia vijijini ikafuata mwaka 1973 hadi 1976, kwa hiyo tarehe zao zilikuwa za kuhamishwa, wala si za kuanza kukaa. Nilipobadili swali nikauliza, "Kabla ya Operesheni, kaya yenu ilikuwa wapi, na nani alichimba kisima mlichokuwa mkinywa?", mazungumzo yalifunguka kwa namna ambayo sikuitegemea.

Swali la kisima lina uzito wa pekee katika nchi hii. Dodoma hupata mvua za msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hivi hadi Machi au Aprili, na mito yake mingi ni ya mchanga, ambayo maji yake hufukuliwa chini wakati wa kiangazi. Aliyepata maji ndiye aliyeweza kukaa, na aliyekaa ndiye aliyefuatwa na wengine. Ukijua nani alichimba, nani aliruhusiwa kunywesha ng'ombe na nani alilazimika kuomba, umekwisha kujua nusu ya mpangilio wa jamii ile.

Kukaa na wazee

Kabla ya kumwendea mzee yeyote, pita ofisi ya Mtendaji wa Kata na ya Mwenyekiti wa Kijiji, ueleze kazi yako na uwe na barua. Mwenyekiti wa kitongoji akikusindikiza, mzee hujua kwamba hukuja kwa ajili ya kupima ardhi wala kutafuta mwenye deni. Ukifika, usikimbilie daftari. Salimia kwa "Mbukwenyi", subiri kuitikiwa, ulizwa habari za kwenu nawe uulize za kwake, ndipo ueleze kilichokuleta. Kama hukijui Kigogo, au uko Kondoa na hukijui Kirangi, nenda na mtu anayekijua vizuri hata kama mzee anazungumza Kiswahili, kwa sababu mambo ya ukoo na ya mvua hukumbukwa katika lugha yaliyotendekea.

Omba ruhusa ya kurekodi sauti, na kama atakataa, funga simu na uandike kwa mkono. Anza kila rekodi kwa kutaja tarehe, mahali na jina la msemaji kwa namna aliyokubali kutajwa. Siku hiyohiyo jioni nakili rekodi mahali pengine, kwa kuwa simu huibwa na huanguka majini.

Muulize mzee habari za nafsi yake kwanza: alizaliwa wapi, mama yake alitoka wapi, aliolewa au alioa kutoka kijiji gani, alichunga wapi. Baada ya hapo ndipo umpeleke nyuma, kwa baba na babu. Usiwaache kina bibi. Katika vikao vya wazi wanaume husimulia utemi na vita, lakini mara nyingi bibi ndiye anayekumbuka njaa ilivyokuwa ndani ya nyumba, mizizi gani ilichimbwa, mtoto gani alipelekwa kwa nani ili apate kula, na ukoo gani ulihama usirudi. Wahoji peke yao, wakati ambao hawana kazi ya kupika.

Utakapouliza asili ya koo, jiandae kusikia majibu mengi. Koo za Wagogo husimulia kwamba zilitoka sehemu mbalimbali, nyingine upande wa Uhehe, nyingine Unyamwezi, nyingine Ukaguru, zikakutana katika nchi hii na kuwa watu wamoja. Kwa hiyo swali la "nani alifika kwanza" halina jibu moja kwa wilaya nzima, na mwandishi anayelazimisha jibu moja anaandika madai ya ukoo mmoja kama historia ya wote. Andika kila simulizi chini ya ukoo wake.

Hata jina la mji wetu mkuu lina simulizi zaidi ya moja. Wengi husema kwamba tembo alikuja kunywa maji akazama matopeni, na watu waliomwona wakasema "idodomya", yaani amedidimia. Wengine husimulia ng'ombe walioibwa na kuliwa, ambao mikia yao ilichomekwa matopeni ili wenyewe wakija waambiwe kwamba mifugo imezama. Zinapokujia simulizi mbili namna hii, usichague moja kwa sababu ni nzuri kusikika. Ziweke zote mbili, utaje ulizisikia kwa nani, na uangalie zinakubaliana wapi: hapa zote mbili zinakumbuka mahali penye maji na tope pazito.

Kupata miaka

Mzee hatakupa mwaka, naye hana sababu ya kuwa nao. Atakupa tukio. Tengeneza kalenda ya matukio ambayo miaka yake inajulikana, kisha uulize kila jambo lilitokea kabla au baada ya tukio gani. Kwa Dodoma na jirani zake, hii ndiyo ninayoitumia mwenyewe: sotoka iliyoua ng'ombe mwanzoni mwa miaka ya 1890, kodi ya nyumba ya Wajerumani, iliyoanza kutozwa mwaka 1898, kufika kwa reli Dodoma mwaka 1910, vita vya Wajerumani na Waingereza, ambavyo vilifika Kondoa mwaka 1916, njaa ya Mtunya, kati ya 1917 na 1920, mashamba ya karanga ya Kongwa, 1947 hadi 1951, Uhuru, 1961, kuondolewa kwa utawala wa watemi, 1963, Operesheni Dodoma, 1971, uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma, 1973, vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, na mvua za El Niño za 1997 na 1998.

Mtunya inastahili kusimamiwa kwa muda. Majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalichukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo, na ukame ulipofuata hapakuwa na akiba iliyobaki. Koo nyingi zilitawanyika wakati ule, na baadhi ya makazi unayoyaona leo yalianza upya baada yake, na watu waliotoka kwingine. Ukisikia ukoo unasema "tulikuja hapa", uliza mara moja kama ni kabla au baada ya Mtunya. Swali hilo moja limewahi kunitatulia mgongano wa simulizi uliokuwa umenishinda kwa wiki tatu.

Wako wanaohesabu vizazi, wakitoa kila kizazi miaka 25 au 30. Tumia njia hiyo kwa tahadhari. Orodha za watemi hazifuati baba na mwana daima. Ndugu hurithiana, na mtemi aliyetawala muda mfupi husahauliwa. Hesabu ya vizazi inaweza kukuonyesha karne, si mwaka.

Kuyasoma majina ya mahali

Majina ni hati zisizoliwa na mchwa. Tembea na mwenyeji, uandike kila jina la kilima, korongo, mbuyu na kisima, pamoja na maana anayokupa. Angalia Mvumi: kuna Mvumi Makulu na kuna Mvumi Misheni. Jina la pili linatangaza lenyewe kwamba wamisionari walijenga pembeni ya mji uliokwishakuwapo, na la kwanza linabeba neno la Kigogo la ukubwa. Angalia pia Mlowa Barabarani na Mlowa Bwawani, ambapo jina moja la zamani limegawanywa na kazi za serikali, barabara upande mmoja na bwawa upande mwingine. Marenga Mkali, nyika iliyoogopwa na misafara kwa kukosa maji mazuri, jina lake lenyewe ni onyo, maana marenga ni maji.

Andika jina kama wenyeji wanavyolitamka, kisha uandike linavyoonekana katika ramani. Makarani wa kigeni waliandika walichosikia, na wakati mwingine kibao cha barabarani kimebeba kosa la zaidi ya miaka mia moja.

Nyaraka, na namna ya kutozidiwa nazo

Anza na zilizo karibu. Ofisi ya kijiji ina mihtasari ya vikao, cheti cha kuandikishwa na mara nyingine ramani ya mipaka. Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa ilipitishwa mwaka 1975, hivyo usitegemee kuandikishwa rasmi kwa kijiji chako kuwe kwa nyuma zaidi ya hapo. Shule kongwe hutunza kitabu cha kumbukumbu ambamo mwalimu mkuu aliandika ugeni, mafuriko, magonjwa na idadi ya watoto walioacha shule kwa ajili ya njaa. Parokia na makanisa ya zamani yana vitabu vya ubatizo na vya ndoa, na kwangu hivi ni hazina kubwa kuliko inavyodhaniwa: kila mstari una tarehe, jina la mtoto, majina ya wazazi na kijiji. Ukipanga majina ya vijiji hivyo kwa miaka, utaona makazi yakitokea, yakikua na kutoweka. Omba ruhusa kwa padri au mchungaji, usome mbele yake, na usipige picha kurasa zenye watu walio hai.

Kwa tarehe ya kisheria ya wilaya au kata, tafuta Tangazo la Serikali lenyewe katika Gazeti la Serikali, usitegemee hotuba wala bango la ofisi. Kumbuka pia kwamba halmashauri na wilaya ni vitu viwili: serikali za mitaa zilivunjwa mwaka 1972, zikarejeshwa kwa sheria za 1982 na kuanza kazi tena 1984, hivyo halmashauri inaweza kuwa na umri tofauti na wilaya yake.

Nyaraka za ukoloni zimo katika Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa jijini Dar es Salaam. Sheria ya mwaka 2002 inafungua majalada yaliyotimiza miaka 30. Za Wajerumani zimeandikwa kwa mwandiko wa zamani ambao hata Mjerumani wa leo husoma kwa shida. Za Waingereza zinasomeka, na kilicho bora humo ni Kitabu cha Wilaya, ambamo mkuu wa wilaya aliandika habari za watemi, mila, njaa na mipaka. Kisome kwa shukrani na kwa mashaka. Baada ya Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya 1926, Mwingereza alihitaji mtemi mmoja mwenye eneo linalojulikana ili akusanye kodi kupitia kwake. Mtemi wa Kigogo kazi yake ya kwanza ilikuwa mvua, dawa za ardhi na mipaka ya nchi, na nguvu yake haikuwa ya polisi. Kwa hiyo orodha nadhifu ya watemi iliyomo kitabuni mara nyingine ni kazi ya karani aliyetaka mambo yanyooke. Mtemi Mazengo wa Mvumi, ambaye jina lake lilijulikana Ugogo kote, alitawala katikati ya dunia hizo mbili, na mwandishi asiyeiona ile ya kwanza atamwandika kama karani wa Waingereza tu.

Usiache pia kilichoandikwa na wenyeji. Mathias Mnyampala, mtoto wa nchi hii, alichapisha kwa Kiswahili mwaka 1954 historia, mila na desturi za Wagogo, na mtu anayeandika leo anapaswa kuanza mahali alipoachia yeye.

Mfano wa kutenga awamu: Mpwapwa na Kongwa

Mpwapwa inaonyesha vizuri ninachokisema. Misafara ilipumzika pale kwa sababu ya maji ya milimani kabla ya kuikabili Marenga Mkali na kulipa hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa watemi wa Ugogo. Stanley alipita mwaka 1871 akimtafuta Livingstone. Wamisionari wa Kianglikana walifika katika miaka hiyohiyo ya 1870. Kampuni ya Wajerumani ikaweka kituo, Bushiri, kiongozi wa upinzani wa pwani dhidi ya Wajerumani, akakishambulia mwaka 1889, na kabla mwaka huo haujaisha Wissmann, kamanda wa Wajerumani, alikuwa amejenga boma. Mtu angetegemea mji kama huo uwe ndio kichwa cha Kanda ya Kati. Reli ndiyo iliyobadili mambo: ilipita kusini, kwa upande wa Gulwe, ikaenda Dodoma, na Dodoma iliyokuwa ndogo ikaipita Mpwapwa na ikaipita Kilimatinde, lililokuwa boma kubwa la Wajerumani upande wa magharibi. Ukiandika historia ya wilaya yako, tafuta tukio lake linalolingana na hili: barabara, bwawa, hospitali au stesheni iliyopita kwao au iliyowakosa.

Kongwa, iliyomegwa kutoka Mpwapwa, ina tabaka lake peke yake. Mwaka 1947 Waingereza waliingiza matrekta kulima karanga, katika mpango uliolenga zaidi ya ekari milioni tatu, nyingi zikiwa Tanganyika, hasa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Ardhi ya mfinyanzi ilikauka ikawa ngumu kama saruji, mibuyu ilivunja vyuma, mvua haikutosha, na mwaka 1951 mpango ukafungwa baada ya kupoteza takriban pauni milioni 36. Wazee wa Kigogo walikuwa wanajua kwamba nchi ile ni ya uwele, mtama na ng'ombe. Baadaye pakawa na ranchi ya ng'ombe, na kuanzia 1964 pakawa na kambi za wapigania uhuru wa FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia na wengine. Mwandishi wa Kongwa anaweza kuanza na majengo yaliyobaki: aulize kila jengo lilijengwa na nani, likatumiwa na nani baada yake, na sasa ni la nani.

Kuandika na kurudisha

Unapoandika, tenga kwa maneno ya wazi kile ulichosoma, kile ulichosimuliwa na kile unachokisia. "Wazee wa ukoo huu wanasema" ni sentensi ya heshima, haipunguzi uzito wa kazi.

Kuwa mwangalifu na mambo matatu. Simulizi ya nani alitangulia kufika inaweza kesho kupelekwa baraza la ardhi kama ushahidi, hasa pale ambapo wakulima na wafugaji wanagombania mpaka. Kabla ya kuiandika, sikiliza upande wa pili. Habari za mtu ambaye ukoo wake uliingia nchini kwa kutekwa au kwa kuwekwa rehani wakati wa njaa zinaweza kuwaumiza wajukuu wake. Ziandike kwa ujumla, bila jina. Mawe ya mvua na mahali pa matambiko usivipige picha wala kuonyesha vilipo, hata kama kijana wa pale amekuruhusu, maana ruhusa hiyo si yake kuitoa.

Rasimu ikiwa tayari, irudishe kijijini kabla ya kuichapa. Omba nafasi katika mkutano wa kijiji, uisome kwa sauti, polepole, ukisimama baada ya kila sehemu. Watakupinga, na hapo ndipo utakapopata habari ambazo hakuna mahojiano ya faragha yangekupa, kwa kuwa mzee mmoja akisema, mwingine hukumbuka. Andika pingamizi zote, uzipeleke kwa waliokusimulia mwanzo, na palipobaki tofauti uiache ionekane katika maandishi. Kisha chapa nakala za kutosha: moja ofisi ya kijiji, moja shule ya msingi, moja kanisani au msikitini, moja maktaba ya mkoa, na moja kwa kila mzee aliyekusimulia, au kwa mwanawe kama yeye ametangulia. Katika ukurasa wa kwanza andika mwezi na mwaka ulipomaliza, na majina ya wasimulizi wote walioridhia kutajwa.